Thumni ya Nini? Juu ya Hesabu za Mia na Taka za Nyumbani

Itazame hesabu hii, ambayo mwalimu wa Gatumba aweza kuiandika ubaoni wakati wowote. Nyumba moja hutoa kilo 20 za taka kwa juma. Asilimia 60 ni taka zinazooza, kama vile maganda ya ndizi na ya mihogo, majani ya mboga na mabaki ya chakula. Katika zilizobaki, asilimia 25 ni plastiki. Wenye nyumba hugeuza asilimia 75 ya taka zinazooza kuwa mboji, na nusu ya plastiki huiuza. Je, ni asilimia ngapi ya taka zote zinazofika jalalani?

Zinazooza ni kilo 12, na zilizobaki ni kilo 8. Plastiki ni robo ya hizo 8, yaani kilo 2. Mboji yachukua kilo 9, mnunuzi wa plastiki achukua kilo 1. Jalalani zinafika kilo 10, nusu ya taka zote. Lakini yuko mwanafunzi atakayetafuta asilimia 25 ya kilo 20, apate kilo 5 za plastiki, na mwisho aandike kuwa jalalani zinafika kilo 8 na nusu. Kuzidisha kwake ni sahihi, na kutoa kwake ni sahihi. Alilokosea ni kutojiuliza: asilimia ya nini?

Husemwa mara nyingi kwamba hesabu za namna hii zililetwa Afrika ya Mashariki na shule za wakoloni. Kwa upande wa alama zake, huenda ni kweli. Kwa upande wa fikira, sivyo hata kidogo. Waislamu wa pwani, na baadaye wale waliofuata njia za misafara mpaka Ujiji na kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambao lugha yao yasikika mpaka leo katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, walikuwa na hesabu ngumu kuliko hii katika elimu ya mirathi. Mtu akifa, kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ambao haupasi kuzidi thuluthi ya kilichobaki. Baada ya hayo ndipo warithi hugawiwa. Tuseme marehemu, baada ya gharama za mazishi, ameacha 2,400, anadaiwa 600, na ameusia thuluthi nzima. Likilipwa deni, yabaki 1,800. Ukitolewa wasia wa 600, yabaki 1,200. Mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu ya nane: 150. Anayeipiga thumni hiyo katika 2,400 humpa mjane 300, mara mbili ya haki yake, na watoto ndio wanaopunjwa. Mwanafunzi wetu wa plastiki alifanya kosa hilo hilo, ila katika taka hakuna mrithi wa kulalamika.

Zaka ya fedha nayo ni robo ya sehemu ya kumi, yaani mbili na nusu katika mia. Hapo pana sehemu ya sehemu, iliyohesabiwa karne nyingi kabla ya asilimia kuandikwa vitabuni mwetu.

Lugha yenyewe imehifadhi mitego ya aina hii. Neno ushuru latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Lakini mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa, ambao ni nusu tu ya kumi. Kadhalika sarafu ya senti 50 iliitwa thumni, ingawa ni nusu ya shilingi. Thumni ile ilikuwa ya riale, si ya shilingi. Jina lilibaki, na kizima chake kikabadilika.

Mia iliingia mifukoni mwa watu kwa njia ya sarafu. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ambayo Burundi ilikuwa sehemu yake, rupia iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipoanza kugawanywa kwa heller 100. Neno hela latoka hapo. Wabelgiji, walioiteka nchi mwaka 1916, walileta faranga, nayo ilikuwa na santimu 100. Katika rupia ya pesa 64, nusu, robo na thumni zilikuwa nyepesi, na asilimia 10 ilikuwa adha tupu. Katika hela 100 ikawa mchezo.

Turudi Gatumba, kiasi cha kilomita 15 magharibi ya Bujumbura, karibu na Mto Rusizi na mpaka wa Kongo. Mtoto wa huko hukutana na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na mwalimu wa lugha ana kazi yake katika somo hili. Mtu akiandika, "Asilimia 60 ya taka huoza na nyingine haziozi, asilimia 25 ya hizo ni plastiki," hizo ni zipi? Taka zote, zinazooza, na zisizooza zina ngeli moja. Upatanisho wa kisarufi haumwokoi msomaji. Afadhali kilichobaki kipewe jina lake, salio. "Asilimia 25 ya salio hilo" haina njia mbili. Binafsi naona nusu ya makosa tunayowatoza watoto ni ya mtungaji wa swali.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ulifurika, na maelfu ya watu wa Gatumba wakayahama makazi yao. Maji hubadili hata hesabu ya taka, maana taka zinazooza huwa na unyevu mwingi. Zile kilo 12 zikikaushwa na jua la kiangazi zikawa kilo 6, jumla hushuka kutoka kilo 20 hadi 14. Plastiki ni kilo 2 zile zile, lakini imepanda kutoka asilimia 10 hadi 14.3. Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2018, ikaacha miezi 18 ya kujitayarisha. Atakayetaka kujua kama amri ilizaa matunda, akapima kwanza wakati wa masika kisha wakati wa kiangazi, aweza kutangaza kwamba plastiki imeongezeka, hali haikuongezeka hata mfuko mmoja. Basi darasa likipima taka zake, liandike kilo kando ya kila asilimia, na mwezi wa kupima.