Hoja ya Mwambao na Kwa Nini Haikuihusu Tanga

Hoja ya Mwambao ilitaka ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya uwe na dola yake au urejeshwe Zanzibar. Haikuihusu Tanga, ingawa Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka. Sababu ni mikataba. Mwaka 1890 Sultani wa Zanzibar aliiuzia Ujerumani pwani iliyo kati ya Mto Umba na Mto Ruvuma kwa marki milioni 4, na haki yake huko ikakoma. Kaskazini ya Umba, mwaka 1895, aliwakodisha Waingereza tu. Bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa.

Kwa hiyo, Ngamiani ilipoingia katika uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, hatima ya Mombasa ilikuwa bado haijaamuliwa. Kamishna James Robertson alipendekeza mwaka huohuo ukanda uunganishwe na Kenya. Wenye hofu walipata dhamana, si dola: Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Mawaziri Wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliafikiana kuhusu uhuru wa dini, hati za ardhi na mahakama za kadhi. Mahakama hizo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010.