Abayudaya wa Mbale

Nilizaliwa Mbale, mashariki mwa Uganda. Nikiwa mdogo niliwaona watu wakipanda kilima cha Nabugoye kila Jumamosi, wanaume wamevaa kofia ndogo. Nilidhani ni Waislamu. Bibi akanisahihisha: "Hao ni Abayudaya," yaani Wayahudi kwa Kiganda. Katika insha hii nitaeleza walivyoanza, walivyopungua na walivyoongezeka tena.

Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitumaini kupewa ufalme, lakini hakupewa, na madaraka yake yakapunguzwa. Akajitenga nao, akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliotunza Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Katika kusoma Agano la Kale alishika agizo la tohara. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye pamoja na wanawe. Wenzake walipopinga wakisema tohara ni ya Wayahudi, akajibu kwamba basi yeye na wafuasi wake ni Wayahudi.

Wakati huo walikuwa na kitabu tu, hawakuwa na mwalimu. Mwaka 1920 akafika mgeni Myahudi aliyeitwa Yosef, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na baadhi ya wafuasi wakarudi Ukristoni. Waliobaki waliendelea kusali katika sinagogi zao ndogo vijijini.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979. Dini yao ilipigwa marufuku na sinagogi zikafungwa. Hukadiriwa kwamba walikuwa kama 3,000, wakabaki kama 300. Wengine waliingia makanisani au misikitini.

Miaka ya 1980 vijana wachache waliifufua jumuiya pale Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja wakawafanyia mamia yao ibada rasmi ya kuingia Uyahudi. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo gumu: mtu ambaye babu yake alitunza Sabato anaambiwa aingie upya katika dini aliyozaliwa nayo. Hata hivyo ibada hiyo iliwafungulia mlango. Gershom Sizomu alisoma Los Angeles, akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka huo huo sinagogi mpya kubwa ilifunguliwa kilimani. Pia wapo wanaolima kahawa katika ushirika mmoja na Waislamu na Wakristo. Leo Abayudaya wanakadiriwa kufika 2,000 au zaidi.

Lakini takwimu hazisemi yote. Bibi aliniambia kuhusu jirani mmoja ambaye wakati wa Amin alikuja kanisani kwao na kuimba nyimbo zote. Ila Ijumaa jua likizama alifunga mlango, wala hakupokea mgeni mpaka kesho yake jioni. Majirani walijua, wakanyamaza. Amin alipoondoka, mzee yule akarudi kilimani.

Katika hesabu ya wale 300 hakuwamo. Ndiyo maana nasema jumuiya hii haikukua kwa kuongoa watu tu, bali pia kwa watu waliofunga milango yao kimya, na kwa majirani waliotunza siri.