Sare Zilizomvua Kasparov Taji

Kijana wa Molo anayeanza kujifunza chesi, hasa akiwa amezoea bao, ambalo haliishi mpaka mmoja afungwe, ni mwepesi wa kuiona sare kuwa dalili ya woga. Historia inampinga. Tarehe 8 Oktoba 2000, jijini London, Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, alianza kutetea taji lake dhidi ya Vladimir Kramnik, Mrusi mwenzake wa miaka 25. Kasparov alicheza nyeupe, akafungua kwa mtindo wa Kihispania, uliopewa jina la padri Ruy López aliyeandika kuuhusu mwaka 1561. Kramnik alijibu kwa Kinga ya Berlin, ufunguzi wa karne ya 19 ambao mabingwa wengi walikuwa wameupa kisogo. Kufikia hatua ya nane malkia wote wawili walikuwa wametoka ubaoni. Mfalme mweusi alikuwa amepoteza haki ya kujificha nyuma ya ngome, lakini Kasparov, hodari wa kushambulia, hakuwa tena na silaha ya kumfikia. Hatua ya 25 wakakubaliana sare.

Kramnik aliirudia kinga hiyo katika michezo mitatu mingine, na yote ikaisha sare. Kati ya michezo 15, yeye alishinda 2, Kasparov hakushinda hata mmoja, na 13 ikawa sare. Pointi 8.5 kwa 6.5 zikahamisha taji.

Wapo watakaosema sare za namna hii huwachosha watazamaji, na kwamba nyingine hupangwa kabla ya mchezo. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana mashindano ya Sofia ya mwaka 2005 yaliwakataza wachezaji kuafikiana sare wao kwa wao. Hata hivyo, kanuni ile ililenga uvivu, wala haikufuta sare inayopatikana kwa jasho. Mkulima wa Molo aliyeokoa mbegu yake ya viazi mwaka wa sakitu hakushindwa na msimu, na mwenye nyeusi aliyemzuia bingwa hakushindwa na mchezo.

Kwa hiyo walimu wanaofundisha chesi katika shule za Nakuru wasiwaonyeshe wanafunzi ushindi pekee. Wawape pia mchezo ule wa kwanza wa London, waucheze hatua kwa hatua. Anayejua kujilinda ndiye mgumu wa kushindwa.