Sponji ya Kuogea na Vitundu Vyake

Leo tuzungumzie sponji. Nyingi za madukani kwetu ni za plastiki, lakini sponji ya asili ni mnyama wa baharini. Hana macho wala tumbo. Hukaa palepale akichuja chakula kutoka maji yanayopita katika vitundu vyake. Wapiga mbizi wa Ugiriki waliwavuna tangu kale. Kule Jambiani, Zanzibar, kilimo chake kilianza kujaribiwa mwaka wa 2009. Wanawake hufunga vipande kwenye kamba baharini, na kila kipande hukua kikawa sponji nzima.

Vitundu hivyo pia hushika uchafu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari walipangusa majeruhi mmoja baada ya mwingine kwa sponji ileile, wakiisuuza tu kwa maji. Habari za viini hawakuzijua. Viini vikahama kidonda hadi kidonda, na wengi wakafa. Baadaye hospitali zikachukua shashi, ambayo hutupwa baada ya mgonjwa mmoja.

Sisi tunajua, na bado nyumbani utakuta sponji moja, watoto wanne, mmoja wao ana upele! Kila mtu awe na yake, hata ikiwa ni dodoki la shambani. Ikamue, uianike juani. Ikinuka, itupe. Mtoto mchanga haihitaji kabisa. Kitambaa laini na safi kinamtosha, na kitovu kisisuguliwe.