Mvua ya Mawe ya Mwaka 1562 na Mahubiri ya Johannes Brenz

Kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa anaikumbuka radi ya Stotternheim. Tarehe 2 Julai 1505 Martin Luther, wakati huo kijana mwanafunzi wa sheria, alikuwa njiani kurudi Erfurt dhoruba ilipomkuta, naye kwa hofu akamwekea Mtakatifu Anna nadhiri kwamba atakuwa mtawa. Tumezoea kulisimulia tukio hilo kama mlango wa kuingilia katika Matengenezo ya Kanisa, kisha radi yenyewe tunaiacha nyuma. Hata hivyo, katika karne ile hali ya hewa haikubaki nyuma. Ilipanda mimbarani, ikaingia mahakamani, na mahali pengine iliwapeleka watu motoni.

Wataalamu wa tabianchi wanakiita kipindi hicho Enzi Ndogo ya Barafu. Baridi yake ilizidi Ulaya tangu miaka ya 1560: barafu ya milima ya Alpi ilishuka mabondeni, zabibu zilichelewa kuiva, nafaka ikapanda bei, na miaka ya 1570 na 1571 ikawa ya njaa kubwa. Wakulima wa Ujerumani ya kusini hawakuwa na jina la jambo hilo. Walichokijua ni kwamba majira waliyoyarithi kwa baba zao hayakuwa yakifika kama zamani, na mtu aliyepoteza mavuno yake huuliza upesi: ni nani aliyefanya hivi?

Johannes Brenz alilikabili swali hilo mapema. Alikuwa mhubiri katika mji wa Schwäbisch Hall tangu mwaka 1522, na baadaye akawa kiongozi mkuu wa Kanisa la Württemberg. Mwaka 1539 alitoa mahubiri juu ya mvua ya mawe, akakana kwamba wachawi wanaweza kuileta. Mvua ya mawe, alisema, imo mkononi mwa Mungu peke yake. Aliegemea kitabu cha Ayubu, ambamo Shetani mwenyewe hawezi kugusa nyumba ya wana wa Ayubu kwa upepo pasipo ruhusa. Je, vipi basi kuhusu wanawake waliokiri kwamba waliichochea dhoruba vyunguni mwao? Jibu la Brenz lina akili ya mchungaji aliyekaa na watu. Ibilisi, kwa kuwa amezijua pepo na mawingu siku nyingi, huona dhoruba inakaribia, ndipo humsukuma mwanamke akoroge chungu chake. Mvua ikishuka, maskini huyo huamini kuwa ni kazi ya mikono yake. Kwa hiyo anayekiri huenda hasemi uongo, lakini anachokikiri hakikutokea.

Mafundisho hayo yalijaribiwa tarehe 3 Agosti 1562, mvua kubwa ya mawe ilipoipiga nchi ya kusini-magharibi ya Ujerumani na kuharibu nafaka na mizabibu. Katika Stuttgart wahubiri wawili, Matthäus Alber na Wilhelm Bidembach, walishika njia ya Brenz, wakawaambia washarika kwamba mvua ile haikutoka kwa wachawi. Mahubiri yao yalichapwa mwaka uo huo. Katika Esslingen, mji wa jirani, mchungaji Thomas Naogeorg alihubiri kinyume. Baraza la mji likawakamata wanawake watatu, ingawa mwishoni liliwaachilia. Katika Wiesensteig, chini ya utawala wa Ulrich von Helfenstein, ambaye wakati huo alikuwa Mlutheri, hakukuwa na kuachilia. Kijitabu kilichochapwa mwaka 1563 kilitangaza kwamba wanawake 63 walichomwa moto.

Ni dhoruba ile ile, na wahubiri hawa wote walilisoma Neno lile lile na kukiri imani ile ile. Si haki kuwasifu wa Stuttgart na kuwatupa wengine nje ya nyumba yetu kana kwamba hawakuwa wetu. Luther mwenyewe, alipofafanua Kutoka 22:18 mbele ya watu wa Wittenberg mwaka 1526, aliunga mkono wachawi wauawe.

Hata mahubiri ya Brenz yalikuwa na ufa, na aliyeuona si mwanatheolojia bali tabibu. Johann Weyer, daktari wa mtawala wa Cleves, ambaye mwaka 1563 alitoa kitabu cha kuwatetea wanaoshitakiwa uchawi, alimwandikia Brenz mwaka 1565. Alimshukuru kwa mahubiri yake, kisha akamuuliza: ikiwa wanawake hawa hawawezi kuleta mvua ya mawe, kwa nini bado unakubali wauawe? Brenz alijibu kwamba wanaadhibiwa kwa nia yao, kama vile sheria inavyomwadhibu mtu aliyejaribu kuua asifaulu. Weyer hakuridhika. Kujaribu lisilowezekana kabisa, alisema, si kujaribu. Kwa maoni yangu tabibu alikuwa na haki, na inahuzunisha kwamba mchungaji aliyekwisha kuuondoa msingi wote wa shitaka alishindwa kuiachia hukumu yake ianguke.

Swali la Weyer linatugusa Tanzania kwa karibu kuliko tupendavyo. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti alioufanya katika vijiji vya wilaya ya Meatu, ambayo leo imo katika mkoa wa Simiyu. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua kupita kiasi au ya ukame mkali, mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee wa nyumba maskini, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Miaka ya magonjwa ya mlipuko haikuonyesha ongezeko kama hilo. Wachungaji waliotumika Usukumani wanayajua macho mekundu ya bibi aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni, na jinsi macho hayo yalivyohesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, lakini sheria haihubiri siku ya Jumapili baada ya mafuriko.

Hapa ndipo nasita kumfuata Brenz hadi mwisho. Yeye na wenzake wa Stuttgart walipomwondolea mwanamke lawama, waliigawa kwa wote: mvua ya mawe ni fimbo ya Mungu kwa dhambi za watu. Neno hilo liliokoa maisha, nami silidharau. Ila sisi tunajua jambo ambalo wao hawakulijua. Baridi ya wakati wao haikusababishwa na mkulima ye yote wa Württemberg, bali joto la wakati wetu limesababishwa hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na wanadamu. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvua inaponyesha hunyesha kwa nguvu zaidi. Mkulima wa Meatu amechoma kidogo mno katika hesabu hiyo. Vivyo hivyo watu wa Katesh, walioporomokewa na matope ya mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, ambapo zaidi ya watu 80 walikufa. Mhubiri asimamaye kaburini na kuwaambia waliosalia kwamba wameadhibiwa kwa dhambi zao amemwacha bibi kizee salama, lakini amempelekea mfiwa deni la mtu mwingine. Bwana wetu, alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko jirani zao.

Nimewahi kuwasomea wanafunzi muhtasari wa mahubiri ya Brenz, nao wakafurahi; nilipoongeza barua ya Weyer walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama tabibu anaruhusiwa kumsahihisha mchungaji. Tulikaa na swali hilo hadi kengele ya chakula. Ningependa maandiko hayo mawili yasomwe pamoja katika somo letu la utunzaji wa kichungaji, katika muhula unaotangulia mvua za vuli.