Habari za Safari na Haki ya Kurejea: Nathari ya Wasafiri wa Pwani, 1886–1905

Msafiri anaporejea nyumbani Pangani, au katika kijiji chochote cha Kibaha na Kisarawe, swali la kwanza analoulizwa hutofautiana kidogo tu na lile la kila asubuhi: habari za huko utokako? Jibu nalo hujulikana kabla halijatolewa: njema. Hata aliyemzika mwenzake njiani hujibu hivyo. Ni baada ya kuketi, kunawa na kupewa maji ya kunywa ndipo hufuata neno dogo lenye uzito, ila, na habari yenyewe huanzia hapo. Kwa Wazaramo, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ana nafasi ya pekee katika kikao hicho. Jirani anaweza kuridhika na njema. Mjomba hungojea ila. (Pangani inayokusudiwa hapa ni kata ya Kibaha, si mji wa kale ulio mlangoni mwa Mto Pangani, ingawa mji huo nao utatajwa mbele kwa sababu yake.)

Mazoea hayo kwa kawaida huelezwa kuwa adabu tu. Makala haya yanayachukulia kuwa kanuni ya utanzu. Habari ya safari, katika maana yake kamili, ni usimulizi unaotolewa na mtu aliyerudi, mbele ya watu wenye haki ya kuisikia, kwa mpangilio ambao pande zote mbili zinaufahamu. Kanuni hiyo inasaidia kuisoma upya nathari ya safari iliyoandikwa na Waswahili waliofika Ulaya na Asia mwishoni mwa karne ya 19. Nathari hiyo imezoeleka kuitwa mwanzo wa fasihi andishi ya kisasa, au kutazamwa kama zao la mahitaji ya shule za lugha za Kijerumani. Maelezo yote mawili yana ukweli. Lakini yote mawili yanapita pembeni ya swali moja: msimulizi alikuwa akimpasha nani habari, na je, aliweza kumfikia?

Barua na baraza

Kabla ya kuandika kitabu, msafiri wa pwani aliandika barua. Barua ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ilikuwa na umbo lisiloyumba: mwanzo wa heshima uliojaa maneno ya Kiarabu, majina ya mpelekewa na sifa zake, salamu, kisha ama baadu, ndipo haja. Carl Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887, alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892. Humo inaonekana wazi jinsi lugha inavyobadilika mara baada ya ama baadu: Kiarabu hupungua, sentensi hufupika, na sauti ya mtu anayezungumza husikika. Kwa umbo lake, barua ni ule ule mlango wa nyumba: kwanza njema, kisha ila.

Tofauti kati ya barua na baraza imo katika vionyeshi vya mahali. Aandikaye barua akiwa ugenini huita ugeni wake huku, na nyumbani huita huko, kwa kuwa huko ndiko aliko msomaji. Akisharejea, mambo hugeuka: nyumbani ni hapa, na Ulaya huwa kule. Badiliko hilo ndilo alama ya kisarufi ya kurejea. Msimulizi wa barazani husema kule kwa sababu amevuka na kutoka. Mwandishi wa barua husema huku kwa sababu bado yumo.

Viambishi vya wakati navyo vina la kusema. Usimulizi wa safari huanza kwa -li-, kisha hujengwa kwa mnyororo wa -ka-: tukatoka, tukafika, tukalala. Kiambishi -ka- cha usimulizi hakisimami peke yake. Kinategemea tukio lililotangulia. Katika habari ya safari tukio hilo ni kuondoka nyumbani, na kila -ka- inayofuata huhesabu hatua kutoka hapo. Ndiyo maana mnyororo huo una uzito wa ahadi kwamba mwisho wake utakuwa tukarudi. Barua haina ahadi hiyo. Hutegemea zaidi -na- na -me-, kwa kuwa inaeleza hali iliyopo na ambayo haijakwisha.

Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekuwa msaidizi wa lugha katika Seminari ya Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, yuko kati ya hali hizi mbili. Masimulizi yake ya maisha na ya safari yake ya Berlin yalichapishwa na Büttner mwaka 1894, mwandishi mwenyewe akiwa angali Ulaya. Ana umbo la baraza, lakini mwandishi anakaa mahali pa mwandishi wa barua. Wanafunzi wa Kijerumani waliyasoma ili kujifunza lugha. Hadhira ambayo umbo lake liliitazamia ilikuwa ng'ambo.

Safari ya nani?

Mwaka 1901 Carl Velten, aliyeshika kazi ya kufundisha Kiswahili baada ya Büttner, alitoa Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna masimulizi ya safari za bara, yakiwemo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ya kwenda Udoe hadi Uzigua, na mna simulizi ya Selim bin Abakari ya Urusi na Siberia. Selim alikuwa mtumishi wa Theodor Bumiller, afisa wa Kijerumani aliyefuatana naye mwaka 1896 kupita Petersburg na Moscow hadi nyanda za Asia. Anaandika juu ya magari, mito, baridi, vyakula, na juu ya watu waliomkusanyikia kumtazama kwa kuwa hawajapata kuona mtu mweusi. Anaandika pia juu ya Waislamu aliokutana nao huko mbali. Hapo mizani ya simulizi hubadilika, kwani aliyekuwa kitu cha kutazamwa huwa mgeni mwenye dini moja na wenyeji wake. Ingekuwa barazani, bila shaka wasikilizaji wangemkatiza hapo kwa maswali.

Selim anaiita safari yangu. Kimilikishi hicho kinahitaji kupimwa, kwa sababu mtu aliyekwenda kwa amri ya bwana wake, kwa nauli ya bwana wake, hana wajibu wa kuiita safari hiyo yake. Mtoro naye anaandika safari yangu. Katika Kiswahili cha habari, safari ni ya yule anayeisimulia: mchukuzi wa mizigo akirudi nyumbani ana safari yake, sawa na mwenye msafara. Haki hiyo haitokani na mali wala cheo. Hutokana na kuwapo njiani na kurudi kusema.

Mwaka huo huo wa 1901 Velten alitoa tafsiri ya Kijerumani. Jina lake halikuwa tafsiri ya jina la Kiswahili. Liliyaita maandishi hayo maelezo ya Waswahili juu ya misafara ya von Wissmann, Dr. Bumiller, Graf von Götzen na wengineo. Kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa na wenye safari wawili kulingana na lugha: katika Kiswahili wenye safari ni Waswahili, katika Kijerumani safari ni za mabwana, na Waswahili wamebaki kuwa walioeleza. Inawezekana kuwa mchapishaji alitafuta tu majina yatakayouza kitabu. Hata hivyo, kilichohamishwa katika tafsiri hiyo ni kile hasa ambacho kimilikishi -angu kilikuwa kimekishika.

Jina la mwisho kati ya yale matatu ni la kukumbuka. Graf von Götzen aliondoka katika mji wa Pangani, ule wa mlangoni mwa mto, mwishoni mwa 1893, akaivuka Afrika na kutokea Atlantiki mwishoni mwa 1894. Kuanzia 1901 hadi 1906 alikuwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Barua zisizopelekwa

Habari ya safari inaweza pia kukosa mpokeaji kwa sababu jamaa wameufunga mlango. Mfano ulio wazi ni wa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, zinafahamika sana. Maandishi yake mengine, yaliyoitwa barua kwa nyumbani, hayakuchapishwa mpaka miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1924.

Barua hizo zimeelekezwa kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina. Zinaeleza baridi, nyumba za mawe zilizofungwa, namna za kula na kuamkiana, upweke wa mjane. Ndizo habari ambazo mwanamke aliyesafiri angewapasha dada zake wakiwa wameketi ndani. Lakini ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo dada hao hawakuisoma, na hazikupelekwa. Kilichobaki ni umbo la barua peke yake, lenye anayesema na anayeambiwa, huku na huko, bila lugha ya pamoja wala mjumbe.

Kwamba umbo hilo lilikuwa na haja ya kweli nyuma yake kunathibitishwa na nyendo zake. Mwaka 1875 nduguye, Sultani Barghash, alipozuru London, Salme alikwenda huko akitarajia kuonana naye, akazuiwa na maafisa wa Kiingereza kwa ahadi ambazo hazikumfaa. Mwaka 1885 alifika Unguja ndani ya jahazi la Wajerumani, na Barghash akakataa kumpokea. Alirudi tena 1888, hakupata alichokitaka. Inapendeza kulinganisha: ziara ya Barghash mwenyewe huko London ilipata kitabu kizima cha Kiarabu, kilichoandikwa na katibu wake Zahir bin Said. Habari ya mtawala ilipata lugha rasmi na wasomaji. Habari ya dada yake ilikaa sandukuni.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro alizaliwa takriban mwaka 1869 katika eneo la Bagamoyo, akasoma elimu ya dini, akapata kufanya kazi ya kukusanya kodi. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari. Huko ndiko ilikotengenezwa Desturi za Wasuaheli, iliyotolewa na Velten mwaka 1903. Walioandika sehemu zake walikuwa zaidi ya mmoja, lakini wataalamu, J. W. T. Allen akiwa mmojawapo katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1981, wameona mkono wa Mtoro kuwa ndio mkubwa.

Kwa kawaida kitabu hicho husomwa kama hazina ya mila. Kikisomwa pamoja na masimulizi ya safari, kinaonekana kuwa habari iliyogeuzwa kichwa chini. Selim alieleza ugeni kwa namna ambayo watu wa nyumbani wangeielewa. Mtoro, akiwa ugenini, aliwaeleza wageni mambo ya nyumbani: uzazi, jando, ndoa, mazishi, uganga wa msafiri kabla hajaondoka. Kwa hakika hilo la mwisho ni la ajabu kidogo. Mtu aliyevuka bahari alikaa Berlin akiandika namna safari inavyopaswa kuagwa pwani. Mnyororo wa -ka- unampisha hu- ya mazoea: huenda, humwambia, huandika. Kiambishi hu- hakitaji wakati, na hakidai kuwa msemaji arudi popote.

Lakini Mtoro alitaka kurudi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka 1905 wote wawili walisafiri kwa meli kuja Afrika Mashariki. Serikali ya koloni haikuwaruhusu kuingia wakiwa mke na mume, na iliwabidi kugeuza njia na kurudi Ujerumani. Gavana wakati huo alikuwa Götzen, yule yule ambaye safari yake ya kutoka Pangani ilisimuliwa na Waswahili, na ambaye jina lake lilikuwa limewekwa juu ya masimulizi hayo katika Kijerumani. Kitabu chenye jina lake kilikuwa pia na safari ya Mtoro. Hakuna sababu ya kudhani kwamba gavana aliukumbuka uhusiano huo. Msomaji wa sasa ana sababu ya kuuona.

Sababu ya kuzuiwa ilikuwa rangi na ndoa. Koloni halikutaka kuona mwanamke wa Kijerumani akiishi nchini humo kama mke wa Mwafrika. Matokeo yake kwa upande wa habari hayajapewa uzito wake. Mtu huyu alikuwa amekaa Ulaya miaka mitano, amefundisha maafisa lugha, ameoa. Katika eneo la Bagamoyo, na kwa jamaa waliotawanyika kuelekea Uzaramo na Udoe, alikuwa na watu waliostahili kumketisha, kumpa maji na kumwuliza. Njema yake na ila yake zilikomea bandarini.

Baadaye Mtoro alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof, akaendelea kuishi Ujerumani kwa kufundisha na kutoa mihadhara, akafariki Berlin mwaka 1927. Safari ya Udoe aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, akaiita yangu. Safari ya 1905 inafahamika zaidi kupitia majalada ya serikali ya kikoloni, kwa Kijerumani, ambamo yeye ni mtu anayejadiliwa.