Kinga Inapomgeuka Mwenyewe: Kutoka Mbuzi wa Frankfurt hadi Watoto wa Kilifi

Mwaka 1968 jarida la kitabibu la Lancet, la London, lilichapa makala ya Brian Greenwood, daktari kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu ya Ibadan, Nigeria. Alikuwa amepekua kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hapo kwa miaka kadhaa, akakuta kwamba baridi yabisi ya viungo, lupasi na magonjwa mengine ya ukoo huo, ambamo kinga humshambulia mwenye mwili, na ambayo kwao Uingereza hayakuwa mageni wodini, Ibadan yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Maelezo yake yalikuwa ya kijasiri: huenda malaria na minyoo, kwa kuishughulisha kinga ya mwili tangu utotoni, huinyima nafasi ya kumgeukia mwenye mwili. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakalipeleka wazo hilo maabara. Walichukua panya wa uzao ambao kwa kawaida kinga yao huwaharibia damu na figo, wakawaambukiza malaria ya panya. Ugonjwa wao wa asili ukapungua sana.

Greenwood baadaye alihamia Gambia, akawa miongoni mwa walioithibitishia dunia faida ya chandarua chenye dawa, na mwaka 2008 aligawana tuzo ya Japani ya Hideyo Noguchi na Profesa Miriam Were wa Kenya. Lakini hoja ya ujana wake ilizaa mazoea ambayo yeye hakuyakusudia. Kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu utasikia mpaka leo, tena kutoka kwa watu waliosoma. Mimi naona ukiifuata historia yenyewe utakuta imekatiza Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, na si kwa kupita pembeni.

Ilianzia mbali, Frankfurt, karne ya 20 ilipokuwa ikifungua macho. Paul Ehrlich na msaidizi wake Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi aliyedungwa alitengeneza kingamwili, yaani zile protini za damu zinazonasa kitu kigeni ili kiangamizwe, na kingamwili hizo zikapasua chembe nyekundu za mbuzi wengine. Chembe zake mwenyewe hazikuguswa. Ehrlich akahitimisha kwamba mwili unaogopa kujitia sumu, akaiita hofu hiyo kwa Kilatini horror autotoxicus. Ukimsoma kwa makini, hakusema mwili hauwezi kabisa kutengeneza silaha dhidi yake wenyewe. Alisema lazima uwepo utaratibu wa kuzizuia silaha hizo zisifanye kazi. Waliomfuata walilishika jina, maelezo wakayaacha, na ikawa mwiko kusema mwili unaweza kujishambulia.

Na ushahidi wa kuwakosoa ulikuja mapema. Mwaka 1904, Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner (ndiye huyu aliyegundua makundi ya damu) walishughulika na wagonjwa waliokojoa mkojo wa rangi ya damu kila walipopigwa na baridi kali. Wengi wao walikuwa na kaswende ya siku nyingi. Jaribio lao halihitaji mitambo. Damu ya mgonjwa hutiwa kwenye mrija wa kioo, mrija ukawekwa kwenye barafu, kisha ukapashwa hadi nyuzi 37, joto la mwili. Maji ya juu hugeuka mekundu: chembe zimepasuka. Mrija wa pili, uliowekwa kwenye joto tu bila kupitia barafuni, hubaki na maji ya manjano safi. Kumbe ndani ya damu ya mgonjwa mna kitu kinachozishika chembe zake mwenyewe wakati wa baridi, na joto likirudi chembe hizo zinapasuliwa. Wakubwa wa taaluma waliutazama mrija huo, wakauhesabu kuwa kioja cha ugonjwa mmoja adimu, wakaendelea na shughuli zao kwa karibu nusu karne.

Aliyekuja kuuvunja mwiko huo, kwa kinaya, alikuwa mjukuu wa Ehrlich kitaaluma. Ernest Witebsky alisomeshwa na mwanafunzi wa Ehrlich, akaikimbia Ujerumani ya Hitler na kuishia Buffalo, Marekani. Huko kijana wake wa maabara, Noel Rose, aliwadunga sungura protini iliyotolewa kwenye tezi za shingo za sungura wenzao, na sungura wakatengeneza kingamwili dhidi yake. Witebsky hakuamini. Jaribio likarudiwa na kurudiwa, mpaka wakafika mahali pa kumkata sungura sehemu ya tezi yake na kumdunga yeye mwenyewe dondoo la kile walichokata. Tezi iliyobaki ikavamiwa na chembe nyeupe. Walichapisha mwaka 1956. Mwaka huohuo London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na Peter Campbell walionyesha kwamba wagonjwa wa rovu la Hashimoto, lile alilolieleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, wana kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe. Doniach alianza kushuku kwa jambo dogo: wagonjwa walikuwa na protini za kingamwili nyingi kupita kiasi katika damu, na tezi ikishakatwa zilishuka. Basi tezi ndiyo iliyokuwa ikizichokoza.

Kwa nini mwili ufanye hivyo? Frank Macfarlane Burnet wa Australia, katika nadharia yake ya mwaka 1957, alisema chembe nyeupe huzaliwa za kila namna, zikiwemo zinazoweza kuushambulia mwili, na hizo hufutwa mapema kabla hazijakomaa. Alikuwa sahihi, lakini si kwa yote. Nyingine huponyoka, na kila mmoja wetu anatembea nazo. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba kuna kundi la chembe nyeupe ambalo kazi yake ni kuzituliza zile zilizoponyoka. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakalipata jeni, sasa linaitwa Foxp3, ambalo likiharibika panya hujimaliza mwenyewe. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025. Ukimrudia Ehrlich sasa, utaona ule utaratibu wa kuzuia aliousema ndio huu, na aliyeonewa na wafuasi wake ni yeye.

Tiba haikungoja maelezo. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo, Marekani, Philip Hench alimdunga mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani kwa baridi yabisi, dawa mpya iliyotokana na utafiti wa homoni za tezi zilizo juu ya figo. Haikupita wiki akaenda mjini kufanya manunuzi. Dawa hiyo ndiyo kotisoni, na Hench na wenzake wawili walipata Nobel mwaka 1950, upesi ajabu. Kisha malipo yake yakaonekana: uso kuvimba ukawa wa duara, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, vidonda vya tumbo. Jamaa wa kotisoni, prednisoloni na deksamethasoni, bado wanaokoa maisha kila siku. Ni haohao pia ambao watu hununuliana kinyemela kama vidonge vya kunenepesha, na anayewameza miezi mingi kisha akawaacha ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu tezi zake zimesahau kazi.

Dawa ya pili ni ya kwetu zaidi. Mti wa kwinini Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia bahari, Amani ndiko kulikotengenezwa kwinini ya askari wao. Wakati huo huko London tayari kulikuwa na daktari, Payne, aliyeeleza mwaka 1894 kwamba kwinini husaidia vidonda vya ngozi vya lupasi. Hakuna aliyemjali sana. Vita vya pili vilipokuja, askari wengi walimezeshwa mepakrini kwa ajili ya malaria, na ikaonekana kwamba waliokuwa na upele wa lupasi au viungo vinavyouma walipata nafuu. Mwaka 1951 Francis Page akachapisha matokeo yake ya mepakrini kwa lupasi, na miaka minne baadaye haidroksiklorokwini ikaruhusiwa Marekani. Ni ndugu wa klorokwini ileile ambayo kila aliyekulia kwetu kabla ya miaka ya 2000 anaikumbuka kwa uchungu na kwa ule mwasho usio na upele unaokesha na mtu. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, vimelea vilipokwisha kuizoea. Lakini kwa mgonjwa wa lupasi haidroksiklorokwini bado ndiyo nguzo, maadamu anapimwa macho kila baada ya muda. Mwaka 2020 dunia ilipoikimbilia kwa ajili ya korona, ambayo haikuiponya, wagonjwa hao ndio walioikosa dukani.

Kituo kinachofuata ni Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alikuwa ameeleza uvimbe mkali wa taya za watoto, na Anthony Epstein wa London, baada ya kumsikia akihutubia mwaka 1961, akaanza kupokea vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Kwa miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege iliyobeba kipande kimoja itue Manchester badala ya London. Kilipomfikia, maji ya chupa yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameingiwa na bakteria. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akaona chembe za uvimbe zimeachana na zinaelea, hai. Hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa, na Februari 1964 kirusi kikaonekana ndani yake: Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima duniani anacho. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, wakitumia akiba ya damu ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba hatari ya kupata MS, ugonjwa ambamo kinga huharibu utando wa mishipa ya fahamu, hupanda mara 32 baada ya kirusi hicho kuingia. Peke yake hakitoshi, kwani wengi tunacho na hatuumwi. Lakini bila hicho MS inakuwa adimu mno.

Kilifi nako kuna mchango. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, pamoja na wenzao wa kituo cha KEMRI na Wellcome pale Kilifi, walichunguza jeni liitwalo FCGR2B, linalopunguza ukali wa kinga. Watoto wa Kenya waliorithi kwa wazazi wote wawili lile umbo lake dhaifu hawakushikwa kwa urahisi na malaria kali. Kwingineko umbo hilohilo liliongeza hatari ya lupasi. Kwa hiyo Greenwood alikuwa ameshika upande mmoja wa jambo: malaria si tu inaituliza kinga, bali kwa vizazi imechagua watu wenye kinga kali. Huenda hii inasaidia kueleza kwa nini wanawake weusi Marekani, wasioumwa malaria, hupata lupasi mara 2 hadi 3 kuliko weupe. Na sisi tunaohamia mijini, penye malaria kidogo, tujiangalie. Idadi ndogo za zamani nazo nazitilia shaka: upele wa lupasi usoni, ambao vitabu huuonyesha mwekundu kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi yetu huwa wa zambarau au mweusi, na ni rahisi kudhaniwa madoa ya krimu.

Halafu kuna ugonjwa mmoja wa ukoo huu ambao haukuwahi kuwa adimu kwetu. Mtoto huumwa koo kwa bakteria wa streptokoka, kinga yake hutengeneza silaha dhidi ya bakteria, na kwa kuwa protini za bakteria zinafanana na za moyo, silaha hizo hugeukia vali. Ndio moyo wa rumatiki, unaojaza kliniki za moyo kuanzia Mulago hadi Dar es Salaam. Hauitwi wa Wazungu, kwa sababu Wazungu wenyewe wameusahau. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 818 waliogunduliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kuwa na dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili, moja likachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao; kati ya wasiochomwa, kwa asilimia 8.2. Penisilini hiyo ni ya tangu miaka ya 1950 na bei yake ni ndogo. Kinachokosekana ni mashine ya kuwapimia watoto shuleni, na muuguzi wa kuwachoma kila mwezi, sindano ambayo wao wenyewe wanaijua kwa maumivu yake.